Mkaa Juu ya Ulimi

Jana jioni binti yangu alitoka bafuni ulimi mweusi tii. Shuleni wameambizana kuwa unga wa mkaa unang'arisha meno, basi akachukua kipande jikoni, akakiponda, akapigia mswaki. Shangazi yake akaanza kufoka. Mimi nikamshika kidevu: "Fungua mdomo, mama. Usimeze." Nikamgeuza kwenye mwanga wa taa nichungulie weusi umeshika wapi kwenye kaakaa na wapi haukushika. Wote wawili walibaki wananishangaa.

Kaakaa la kwanza nililolichungulia hivyo lilikuwa la bibi mmoja wa kijiji cha kusini mwa Ghanzi, Botswana, mwaka ule nilipokuwa Gaborone. Jina lake nalihifadhi. Sisi wageni tulimwita Mma, wajukuu zake walimwita Nkuku.

Profesa wangu wa isimu alinichukua kwenye safari ile ya kurekodi Kiǃxóõ, lugha ya Mma, kwa sababu ya bibi yangu mzaa mama. Darasani walikuwepo walionizidi kwa nadharia, lakini mimi nimelelewa Kwa Mtoro, katikati ya Tanzania, na vidoko vya Kisandawe, zile sauti za kugonga kwa ulimi, nilivipata kabla sijajua kuandika jina langu. Kisandawe kina vidoko vya namna tatu: cha meno, cha ufizi na cha pembeni mwa ulimi. Kiǃxóõ, ambacho siku hizi wengi hukiita pia Taa, kinazo tano. Kinaongeza cha kaakaa, na kile cha midomo ambacho hupatikana katika lugha chache mno za kusini mwa Afrika. Kila kidoko kinaweza kutamkwa kwa puani, kwa mkwaruzo wa koo, kwa pumzi nzito au kwa kubana koromeo, hata baadhi ya wataalamu wakizihesabu konsonanti za lugha hii wanapita 100. Anthony Traill wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand aliishughulikia miaka mingi, na kitabu chake cha fonetiki, yaani elimu ya sauti za lugha, ya Kiǃxóõ kilitoka mwaka 1985. Kwa mazoezi ya kuzitamka sauti zile, koromeo lake lilifanya kinundu, kama kile alichokikuta kwa wazungumzaji wazima wa lugha yenyewe.

Niliondoka Gaborone nikiamini kidogo kwamba nawaendea ndugu. Kwa muda mrefu lugha zenye vidoko ziliwekwa kapu moja, Khoisan, na mwanaisimu Joseph Greenberg alilitia kapu hilo Kisandawe na Kihadza chetu cha Ziwa Eyasi. Wengi wa wanaisimu wa leo wamelivunja. Kiǃxóõ ni cha familia ya Tuu. Kisandawe, kama kina jamaa huko kusini, basi ni lugha za familia nyingine, ya Khoe, na hata hilo bado wanabishania. Profesa aliniambia hayo ndani ya gari, nami nikanyamaza hadi kijiji cha Kang.

Tulikaa chini ya mgunga, nje ya boma la Mma. Palikuwa na meza ya kukunja, bakuli la bati, mkaa uliotwangwa na kuchekechwa kwa kitambaa hadi ukawa laini kama wanja, chupa ya mafuta ya kula, malimau, brashi ndogo ya rangi na kioo cha mstatili. Kazi yenyewe inaitwa palatografia, na ni ya kizamani. Unachanganya mkaa na mafuta, unampaka mtu ulimi. Anatamka neno moja, mara moja tu, kisha hafungi mdomo wala hamezi mate. Unaingiza kioo kwa mshazari na kupiga picha ya kaakaa: pale ulimi ulipogusa, mkaa umebaki. Anasukutua kwa maji ya limau, mnaanza neno jingine.

Mma alisikiliza maelezo yote kupitia kwa mpwa wake, aliyekuwa akitutafsiria kutoka Kitswana. Akaitazama brashi, akalitazama bakuli, akaninyooshea kidole. Huyu kwanza.

Nikaketi, nikatoa ulimi. Mafuta yalikuwa yamepata joto la jua. Mpwa wake ndiye aliyenipaka, kuanzia ncha kurudi nyuma, taratibu, hadi koo likaanza kukataa. Nilichagua neno la Kisandawe lenye kidoko cha ufizi, nikalitamka, nikabaki na mdomo wazi nikingoja kioo. Mma akainua mkono. Alisema jambo kwa haraka. Mpwa wake akamwuliza tena, akamwuliza tena, ndipo akatugeukia: anasema huyu amegonga mara mbili. Nyinyi huko kwenu mnagonga juu, halafu chini.

Profesa aliweka kamera mezani. Jambo hilo limo katika tafiti za Kisandawe: katika kidoko cha ufizi, ulimi ukishaachia juu mara nyingi huanguka na kupiga sakafu ya kinywa, na pigo hilo la pili husikika. Mimi nililelewa nalo, na kwangu neno lilikuwa neno tu. Mma alilisikia papo hapo, kutoka kwenye mdomo uliojaa mafuta, katika lugha ambayo hakuwahi kuisikia maishani mwake. Nimefanya kazi na watu wengi wenye shahada kubwa za fonetiki, na sijaona tena sikio kama lile.

Akataka kuona kwa macho. Akainama, uso wake karibu kabisa na wangu, nikasikia harufu ya ugoro. Aliangalia kioo muda mrefu. Weusi wangu ulikuwa utepe mwembamba kwenye ufizi, ukishuka kandokando hadi kwenye magego, na katikati pakiwa peupe. Hapo peupe ndipo kidoko kinapotengenezwa. Ulimi unaziba mbele, unaziba nyuma, halafu unashuka katikati. Hewa kidogo iliyonaswa inapanuka na shinikizo lake kupungua, na mbele pakiachia tu, hewa ya nje inajitupa ndani kwa kishindo. Mapafu hayahusiki, ndiyo maana mtu anaweza kupiga kidoko huku akiendelea kuvuma kwa puani. Mma alipitisha kidole hewani mbele ya mdomo wangu, akifuata ule utepe kutoka upande mmoja hadi mwingine, akaitikia kwa kichwa.

Kisha akaketi yeye. Brashi hakumpa mtu, alijipaka mwenyewe. Akasema neno lao la mfupa, linaloanza kwa kidoko cha kaakaa, na mbwa aliyekuwa amelala chini ya meza akainua masikio. Katika picha, weusi wake ulianzia nyuma ya meno ukatanda hadi ndani ya paa la kinywa, eneo pana kuliko langu kwa mbali. Alizilinganisha picha zetu mbili kwenye kamera, ya kwangu, ya kwake, ya kwangu. Akamwita mjukuu wake, msichana wa rika la binti yangu wa leo, aliyekuwa amekuja likizo kutoka bweni la shule. Akalirudia lile neno polepole huku akimwonyesha kwa kidole. Msichana akatazama kwa makini, akamwuliza bibi yake swali zuri: mbona lile neno jingine picha yake haifanani na hii? Alimwuliza kwa Kitswana.

Zilizobaki zilikuwa siku za kazi: orodha za maneno, betri, vumbi, mbuzi wakilia katikati ya kurekodi. Tukafunga mizigo.

Herman Batibo, Mtanzania aliyefundisha Dar es Salaam kabla ya kwenda Chuo Kikuu cha Botswana, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 2005 kuhusu kufa kwa lugha za Afrika kwamba kinachozimeza lugha ndogo zaidi ni lugha kubwa za Kiafrika zilizo jirani, kuliko hizi za wakoloni. Botswana ni Kitswana. Kwetu ni Kiswahili, hiki ninachokiandika na ninachokipenda. Nililisoma hilo Gaborone nikalikubali kama hoja. Pale chini ya mgunga lilinikaa vibaya, na halijaniachia. Binti yangu anaelewa salamu za Kisandawe na majina ya vyakula. Ninapomfundisha, namfundisha kwa Kiswahili.

Wapo wanaoniambia dawa ni kurekodi. Miaka ya 1870 huko Cape Town, watafiti Wilhelm Bleek na Lucy Lloyd waliandika masimulizi ya Waǀxam, jamii ya Wasan wa Afrika Kusini, baadhi yao wakiwa wafungwa wa gereza la Breakwater, na madaftari yaliyobaki yana kurasa kama 12,000. Afrika Kusini ilipozindua nembo mpya mwaka 2000, kaulimbiu yake iliandikwa kwa Kiǀxam, lugha isiyo na mzungumzaji hata mmoja. Nayashukuru madaftari yale kwa moyo wote, bila hayo tusingekuwa na kitu. Lakini Kiǃxóõ bado kina watu elfu chache wanaoamka nacho, na sijui kama tunawatendea haki tukianza kuwahifadhi kama tulivyowahifadhi Waǀxam.

Wakati wa kuagana Mma aliuliza picha na sauti zitakaa wapi. Profesa alimjibu ukweli: kwenye hifadhi ya chuo, ng'ambo, mahali salama. Akauliza, na mjukuu wangu akizitaka? Profesa akasema atazipata.

Mwaka huu nimekiandikia chuo hicho kuomba nakala za sauti zipelekwe shule iliyo karibu na kijiji. Wamejibu kwamba suala la haki linashughulikiwa, kwa sababu fomu ambayo Mma aliitia dole gumba inataja utafiti tu. Nitaandika tena, na safari hii nataka barua iwe na jina la mjukuu mwenyewe kama mwombaji. Sasa ni mtu mzima. Sijui yuko kijijini au amehamia mjini, wala kama bado anazitaka. Mpwa wa Mma ameahidi kumtafuta.