Gari ilizima, muziki ukaendelea

Gungu, Jumapili usiku.

Umeme umekatika toka saa kumi jioni, watoto wamelala mapema, nikasema ngoja nipange stoo kwa tochi ya simu maana hiyo kazi naikimbia toka Ramadhani. Chini kabisa, nyuma ya madumu ya mawese, nimekuta kaunta buku la kwaya mbili, jalada limeliwa na mende pembeni. Nikalijua kabla sijafungua. Ni mahesabu yangu ya gari ya mwaka 2012, nilikuwa na miaka 24 na ndo nimepata gari yangu ya kwanza, Toyota Mark II GX100 nyeupe ya mwaka 1997, namba B, nimeinunua mkononi mwa mtu hapahapa Kigoma kwa hela niliyodunduliza kwenye biashara ya dagaa pale Kibirizi.

Nimekaa juu ya ndoo nikasoma kurasa zote. Rimu za kromu inchi 17. Tairi nne za loprofaili. Tinti vioo vyote. Sabufa na ampilifaya 380,000. Kava za siti. Stika ya kioo cha nyuma. Afu katikati ya hayo mahesabu ya gari, bila hata kupiga mstari wa kutenganisha, jinzi modo mbili, raba nyeupe, saa, kofia, raba nyeupe nyingine. Nilikuwa naandika nguo kwenye daftari la gari, na wala sikukosea, kwa akili ya wakati ule ilikuwa hesabu moja. Gari nilikuwa naivaa. Ukishuka pale Mwanga mlango ukafunguka, kinachotangulia kuonekana ni kiatu, sasa kiatu kikiwa kichafu rimu zitamsaidia nini mtu?

Na vumbi letu mnalijua, lile jekundu, likishaingia kwenye raba nyeupe halitoki hivihivi. Kila jioni nilikuwa nakaa barazani na mswaki wa zamani na dawa ya meno nasugua soli, nasugua pale kwenye mshono, nafuta na kitambaa chenye maji, naanika kivulini maana juani zinageuka njano. Nusu saa nzima. Na kwa ajili ya hizo raba nilikuwa siingii gereji. Nilikuwa nasimama kule barabarani, fundi ananiita we kijana njoo uone hiki kitu, mi namjibu fanya tu bosi nakuamini, kumbe naogopa oili. Miezi yote ile namiliki gari sijawahi kuona chini yake.

Ila kuongea sasa! Kijiweni tulikuwa tunaweza kubishana kuhusu injini za Toyota, 1G kama ya kwangu na 1JZ, mpaka wauza migebuka wanafunga. Mi nilikuwa najua kwamba 1JZ ya turbo inatoa nguvu za farasi 280, na kwamba kampuni za Japani zilikuwa zimekubaliana zenyewe zisipite hapo, najua kwanini spidi kwenye dashibodi inaishia 180, najua Toyota Altezza ya gia sita za mkono ina farasi 210. Najua mpaka kwanini redio iliyokuja na gari haishiki stesheni zetu nyingi, sababu FM ya magari ya kule inaanzia 76 inaishia 90. Tulikuwa tunajadili jinsi ya kutoa kile kizuizi kinachozuia gari isipite spidi 180 wakati ukitoka Mwanga kushuka mpaka stesheni ya reli, hata gia ya mwisho huifikii vizuri. Siyadharau yale mabishano, nisieleweke vibaya. Mimi nilijifunza kupenda injini pale, kwa maneno, kabla sijawahi kushika spana.

Ukurasa wa mwezi wa sita ndo ulionikalisha muda mrefu. Kuna mstari nimeandika kwa peni ya bluu, "fundi anasema belti", na mbele yake pale pa bei pako wazi. Mstari unaofuata ndo ile sabufa.

Nakumbuka vizuri alichoniambia. Alifungua boneti akatafuta kile kistika ambacho mafundi wa Japani wanabandikaga wakibadilisha taimingi belti, wanaandika tarehe na kilomita, hakukiona. Akachungulia dashibodi, kilomita 118,000. Akaniambia huu mkanda ni wa kiwandani, ulitakiwa utoke kwenye laki moja, nipe 65,000 mkanda na ufundi nakumalizia leo. Nikamwambia mwezi ujao. Mkanda uko ndani ya kifuniko cha plastiki, hakuna mtu atakayeuona, hata mimi sitauona, sasa hela yote hiyo ya nini.

Mwezi wa tisa mjomba akafariki Kasulu, kaka pekee wa mama. Simu iliingia alfajiri, maziko baada ya sala ya adhuhuri. Mama na mdogo wake walikuwa tayari saa moja, wamekaa kibarazani na vikapu vyao, na mimi ndo nina gari kwenye ukoo, nikawaambia msiwe na wasiwasi nawapeleka. Tukaondoka saa nne. Saa nne kwa sababu nilipitisha gari kuoshwa kwanza. Siku ya msiba. Sijawahi kuliandika hili popote, nimezoea kusema tulichelewa mafuta.

Tumepita Kidahwe, lami tumeshaiacha nyuma, kama kilomita 90 za Kigoma mpaka Kasulu tumekula nusu hivi, injini ikaacha. Hapakuwa na kishindo wala moshi. Iliacha tu, usukani ukawa mgumu kama umefungwa, gari ikateleza yenyewe ikasimama pembeni kwenye majani. Na muziki ukaendelea. Betri nzima, ampilifaya nzima, sabufa inapiga vilevile huku boneti kimya kabisa, nazungusha ufunguo stata inazunguka nyepesi haishiki kitu. Mama alikuwa siti ya mbele, hakugeuka kuniangalia, akasema, "Mwanangu, zima muziki. Tunaenda msibani."

Tulikaa pale zaidi ya saa moja na nusu. Mama kakaa juu ya kanga kwenye ukingo wa barabara, mama mdogo anavuta uradi, mi nafungua boneti nafunga, nafungua nafunga, sijui natafuta nini. Likaja Fuso limebeba magunia ya chumvi, dereva mtu mwema sana, akamweka mama kebini na mama mdogo, mi nikapanda juu ya magunia. Tulipofika watu walikuwa wanarudi makaburini, wameshika majembe. Mama akashushwa, akawaangalia wale vijana na majembe yao, akaenda kukaa na wanawake ndani.

Hakunigombeza. Mpaka leo hajawahi.

Basi toka hapo ndo nikaanza kuvaa nguo za kuchafuka. Nilirudi kwa yule fundi na jinzi mbovu, nikamwambia nionyeshe. Akatoa kifuniko, mkanda umekatika, meno mengine yamelika yamebaki laini kama ulimi. Akanieleza kwamba mkanda ndo unaofunga mwendo wa krenki na mwendo wa valvu viende pamoja, na kwamba nina bahati, hiyo 1G ya zamani mkanda ukikatika valvu hazigongani na pistoni, ukiweka mpya na ukalinganisha alama zake injini inarudi. Zile 1G za VVT-i zilizokuja baadaye, zenye mfumo wa kubadilisha muda wa valvu kufunguka, mkanda ukikatika zinapinda valvu. Nilishika ule mkanda mkononi, kitu chepesi namna ile, nikaona aibu ambayo siwezi kuielezea hapa.

Watu wengi wanasema ukikua unaachana na mambo ya magari, yanabaki ya vijana. Mimi nina miaka 38 na nakataa kabisa, sasa hivi ndo nayapenda. Zamani sikio langu lilikuwa kwenye ekzosti, saivi liko kwenye bearing ya tairi ya nyuma kushoto, naisikia inaanza kuvuma ikifika 70 na mke wangu aliyekaa pembeni haisikii. Nikishuka mteremko mkali nasikiliza breki. Baada ya mvua za masika nalala chini ya gari na kipande cha kanga naangalia bushi na boljointi, na ile harufu ya udongo na grisi naipenda kuliko manukato yoyote niliyowahi kuning'iniza kwenye kioo. Nguo zangu siku hizi ni kadeti mbili, mashati ya kitenge aliyonichagulia mama watoto, na ovaroli moja ambayo iko kwenye buti muda wote.

Hela nayo ilinifundisha kwa njia yake. Mwaka 2019 nilikuwa nataka Mark X, nilikuwa naiota, nilishaongea mpaka na wakala wa Dar. Nikakaa na kalamu. Ile ya cc 2499 iko juu ya cc 2000, kwa hiyo ushuru wa bidhaa ulikuwa asilimia 10, wakati kati ya 1000 na 2000 ulikuwa asilimia 5, hapo hujaweka ushuru wa forodha asilimia 25, VAT asilimia 18, na uchakavu kwa gari iliyopita miaka kumi. Afu ile injini yake ya 4GR inapuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, inajenga kaboni kwenye valvu, inataka mtu anayeijua na spea zinazotoka mbali. Nikachukua IST, Toyota ndogo. Sitasema uongo kwamba nilifurahi, niliumia, wiki ya kwanza nilikuwa naipaki nyuma ya nyumba. Mwaka 2022 petroli ikapita 3,000 kwa lita, na sisi huku mwisho wa reli tunanunua ghali zaidi maana inasafirishwa zaidi ya kilomita 1,200 kutoka bandarini, nikawa naiangalia ile IST kwa jicho lingine. Ada za watoto wawili zilitoka kwenye tanki lake.

Ila kuna kitu wazee wenzangu tunadanganyana. Tunawasema vijana na rimu zao na ekzosti zao, na mtu huyohuyo anayewasema kakopa Prado kwa mkopo wa miaka mitano ili kwenye kamati ya harusi aitwe mheshimiwa, suti kashona mbili, nyumbani watoto wanakaa na mama yao wanahesabu tarehe ya marejesho. Kijana anavaa gari kama raba, mtu mzima anavaa kama suti. Bora yule kijana mara kumi, yeye anachoma hela yake mwenyewe na hana mtu nyuma yake.

Nayasema haya kwa sababu mtoto wa shangazi alikuja Jumatano. Ana miaka 23, kapata Altezza, ile ya 1G ya VVT-i. Akaja na heshima zote, shikamoo kaka, akakaa, akazunguka weee mpaka akafika kwenye shida, anataka nimuongezee hela ya rimu, kazipata mahali bei nzuri. Mke wangu alidhani nitamhubiria. Nimempa. Nimempa nusu ya ile hela aliyotaka, maana najua kabisa raha ya kuona rimu zako zinang'aa kwenye kivuli cha mwembe, na sitaki ayapate hayo akiwa na miaka 40 kwa mkopo. Nikamwambia sharti moja, Jumamosi njoo na gari, tufungue kifuniko tuangalie mkanda.

Jana akaja. Kavaa raba nyeupe pee, mpya. Nikaingia ndani nikamtolea ndala zangu na suruali ya kufanyia kazi, akavaa bila kubisha, raba akazipandisha juu ya ukuta mbali na oili. Tulifungua wenyewe, yeye kashika tochi, mimi spana namba 10. Mkanda una nyufa ndogondogo mgongoni, ukiukunja zinafunguka kama midomo. Akaupitishia kidole mara mbili. Akaniuliza huu ukikatika inakuwaje, nikamwambia kwako wewe valvu zinapinda, injini inashushwa. Akauliza kwako ilikuwaje. Nikamwambia habari ya Kasulu, yote, na saa nne, na kuoshwa gari. Akanyamaza. Mkanda mpya nimemuagizia, unakuja na basi Jumanne, mpaka hapo Altezza inalala kwangu.

Kesho nampeleka mama Kasulu, mama mdogo ana mgonjwa kule. Ana miaka 71 mama, hajui tofauti ya Mark II na Noah, gari kwake zote ni gari. Kanipigia saa mbili hii usiku kuuliza tunaondoka saa ngapi, nikamwambia saa kumi na mbili asubuhi mama, mafuta nimeweka, tairi nimeangalia. Akasema, "Na mkanda umebadilisha lini?" Nikamwambia hii IST haina mkanda mama, injini yake inatumia cheni. Akakaa kimya kidogo.

"Haya, na hiyo cheni umeitazama?"