Albamu kongwe za roki na hip-hop: anza na ngoma

Ukitaka kuzisikiliza upya albamu kubwa za roki na hip-hop, weka kando mashairi na magitaa kwa muda, ufuate ngoma. Ngoma ndizo zilizotoka roki zikaingia hip-hop, na ndizo zinazokuonyesha mapema albamu ipi imechakaa na ipi bado ina nguvu. Nikizipanga kwa kigezo hicho, orodha yangu haifanani na zile zinazochapishwa kila mwaka.

Namba moja kwangu ni dakika saba za "When the Levee Breaks", wimbo unaofunga albamu ya nne ya Led Zeppelin, ya 1971. Wimbo si wao. Memphis Minnie na Kansas Joe McCoy waliurekodi mwaka 1929, wakiimba mafuriko ya Mto Mississippi ya 1927. Led Zeppelin waliupa mlio. Ngoma za John Bonham ziliwekwa chini ya ngazi, kwenye ukumbi wa Headley Grange, jumba la zamani huko Hampshire, Uingereza. Fundi wa sauti Andy Johns hakusogeza maikrofoni kwenye kila ngoma kama ilivyozoeleka. Alining'iniza mbili tu, aina ya Beyerdynamic M160, juu kabisa kwenye ngazi, akaibana sauti kwa kompresa, kifaa kinachopunguza tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo, na kuipitisha kwenye mashine ya mwangwi ya Binson Echorec.

Sikiliza zile sekunde chache za mwanzo, ngoma zikiwa peke yake. Kila kiki, yaani pigo la ngoma kubwa ya mguu, ina kivuli nyuma yake, na si kila pigo unalosikia ni mguu wa Bonham, mengine ni Echorec inayoyarudisha. Halafu sikiliza nafasi iliyo kati ya pigo na pigo. Kompresa hushusha sauti pigo linapotua, ikishaachia inaupandisha mlio wa ukumbi uliobaki, ndiyo maana ngazi zile zinasikika kama zinavuta pumzi. Wengi wamejaribu kuiga na wameshindwa kwa sababu mbili. Kwanza, wanasogeza maikrofoni mbali ndani ya chumba chenye dari fupi, na chumba cha namna hiyo hakirudishi ukubwa, kinarudisha mlio wa sanduku. Pili, mpiga ngoma wao anayapiga matoazi kwa nguvu kuliko snea, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali. Kompresa haijui kipi ni muhimu, itayainua matoazi hadi yafunike kila kitu. Mizani sharti itoke mikononi mwa mpigaji, maana maikrofoni zikiwa mbili tu, kwenye meza ya kuchanganyia sauti hakuna cha kurekebisha.

Ngoma zilizo wazi hivyo mwanzoni mwa wimbo ni mali kwa anayetafuta sampo, yaani kipande cha rekodi ya zamani cha kujengea wimbo mpya, kwa kuwa hakuna gitaa wala sauti ya mtu ya kuondoa. Beastie Boys walizichukua mwaka 1986 kufungulia *Licensed to Ill*, wakaweka juu yake gitaa la Black Sabbath kutoka "Sweet Leaf". Dr. Dre akazirudia kwenye "Lyrical Gangbang" ndani ya *The Chronic*, 1992. Ng'ombe huyu hazeeki maini. *Licensed to Ill* yenyewe, kwa maoni yangu, haifiki tena kimo cha wimbo wake wa kwanza, inabaki kelele za vijana zenye biti nzuri. Ya kurudia ni *Paul's Boutique* ya 1989, waliyoitengeneza na maprodyuza Dust Brothers. Humo sampo zimepangwa tabaka kwa tabaka, vipande vya nyimbo tofauti vinakabidhiana ndani ya mstari mmoja wa rapu, na bado ngoma hazipotezi njia.

Albamu ya aina hiyo leo ingekuwa mzigo wa gharama usiobebeka. Desemba 1991, mahakama ya New York ilitoa hukumu dhidi ya rapa Biz Markie na kampuni ya Warner kwa kutumia kipande cha wimbo wa Gilbert O'Sullivan bila ruhusa, na tangu hapo kila sampo ikawa na bei na karatasi zake. Ndiyo maana 1988 hadi 1991 ni miaka ya pekee katika hip-hop, sauti zake zilitengenezwa kabla mlango haujafungwa. De La Soul, waliotoa *3 Feet High and Rising* mwaka 1989, hawakupatikana ipasavyo kwenye huduma za kusikiliza mtandaoni hadi tarehe 3 Machi 2023, na suala la haki za sampo ni moja ya mambo yaliyowachelewesha.

Mashine nayo ina mchango wake kwenye ule mlio. E-mu SP-1200, mashine ya kunasa na kupiga sampo iliyotoka 1987, ilikuwa ya biti 12 (biti za kompyuta, si biti za muziki), ikichukua sauti mara 26,040 kwa sekunde. Maana yake ni kwamba haiwezi kubeba chochote kilicho juu ya kilohezi 13 hivi (kilohezi hupima wembamba wa sauti), ile sehemu ya juu inayong'aa kwenye matoazi. Muda wa sampo zote kwa pamoja ulikuwa sekunde 10 tu, na kipande kimoja hakikuweza kuvuka takriban sekunde 2.5. Maprodyuza wakabuni njia: santuri ya mizunguko 33 kwa dakika unaichezesha kwa 45, unaichukua ikiwa inakimbia, kisha ndani ya mashine unaishusha hadi kasi yake ya asili. Zile sekunde 2.5 sasa zinabeba karibu sekunde 3.4 za muziki. Malipo yake ni ubora. Ukishaishusha, ukomo wa juu unaanguka hadi kilohezi 9 na kitu, na juu yake inajitokeza mikwaruzo ya kimetali ambayo haikuwemo kwenye santuri. Ule uchafu mtamu wa biti za miaka ya 90 mwanzoni, unaomfanya mtu adhani santuri ilikuwa imechakaa, kwa sehemu kubwa ni hesabu hii. Anayeutafuta leo kwa kuongeza tu kelele za santuri juu ya biti safi hataupata, kwa sababu uchafu ule umo ndani ya pigo lenyewe.

Chukua sasa *Illmatic* ya Nas, iliyotoka tarehe 19 Aprili 1994. Nyimbo 10, chini kidogo ya dakika 40, maprodyuza wakiwemo DJ Premier, Pete Rock, Large Professor, Q-Tip na L.E.S. Watu huisifia kwa mistari, na wana haki, ila isikilize mara moja bila kumfuata Nas. Kwenye "N.Y. State of Mind" Premier amekata kipande cha kinanda cha Joe Chambers na kukiacha kizunguke bila kukipamba, snea ikikatiza kama mlango unaofungwa. "The World Is Yours" ni kinyume chake: kinanda cha Ahmad Jamal kimeachiwa hewa. Na "It Ain't Hard to Tell", ambao kila mtu anajua kwamba umebeba "Human Nature" ya Michael Jackson, ngoma zake zimechotwa kutoka Mountain, bendi ya roki, kwenye rekodi ya jukwaani ya "Long Red". Kwa hiyo hata albamu hii, inayochukuliwa kuwa hip-hop tupu ya New York, inamalizika kwa ngoma za wapiga roki. Wimbo niupendao kuliko yote humo ni "Life's a Bitch", kwa sababu ya ubeti wa rapa AZ na kwa ajili ya koneti, aina ya tarumbeta, ya Olu Dara, baba yake Nas, inayoingia mwishoni wakati rapu imekwisha. Wanaoruka kwenda wimbo unaofuata kabla ya hapo wanakosa nusu ya wimbo.

Tarehe 24 Septemba 1991 ziliingia sokoni siku moja albamu mbili ambazo watu hawazitaji pamoja: *Nevermind* ya Nirvana na *The Low End Theory* ya A Tribe Called Quest. Ukiniambia nichague moja, nachukua Tribe bila kusita. *The Low End Theory* imejengwa kwa besi na ngoma, na karibu kila kitu kingine kimeondolewa. Kwenye "Verses from the Abstract" wamemleta Ron Carter, aliyepiga besi kwa Miles Davis miaka ya 60, na besi yake ya mti haipigani na kiki. Hilo ni jambo gumu kuliko linavyoonekana, kwa kuwa vyote viwili vinaishi sehemu ile ile ya chini. Fundi wa sauti Bob Power anastahili sifa zaidi ya anazopewa: kila kitu kina chumba chake, na sauti za marapa wa kundi, Q-Tip na Phife, zimekaa mbele bila kupigiwa kelele. Ukiisikiliza kwa spika ya simu hujaisikiliza, kwa sababu spika ile haina uwezo wa kutoa kile ambacho albamu imejengwa juu yake.

*Nevermind* ina nyimbo bora kuliko mlio wake. Butch Vig aliirekodi Sound City, California, kisha Andy Wallace akapewa kazi ya kuichanganya. Mfuate huyu Wallace uone: alikuwa fundi kwenye "Walk This Way" ya Run-DMC na Aerosmith mwaka 1986, mwaka huo huo akawa fundi wa *Reign in Blood* ya Slayer, kisha *Nevermind*, kisha 1992 akaichanganya albamu ya kwanza ya Rage Against the Machine. Snea ile iliyonyooka, kubwa na safi, ilipita mikononi mwa mtu mmoja kutoka rapu hadi metali hadi roki ya Seattle. Kwa Rage imefaa kupita kiasi, kwani bendi inacheza kwa nidhamu ya mashine, na waliandika kwenye jalada kwamba hawakutumia sampo, kinanda wala sinthesaiza. Makelele ya mpiga gitaa wao Tom Morello yanayofanana na DJ anayekwaruza santuri ni gitaa na swichi yake. Kwa Nirvana, ung'arisho ule unamfunika kidogo mpiga ngoma wao Dave Grohl. Msikilize Grohl yule yule kwenye *In Utero* ya 1993, iliyorekodiwa na Steve Albini kwa takriban wiki mbili huko Minnesota: chumba kinasikika, na snea ina uzito wa mti. Toleo pana la *Nevermind* la 2011 lina michanganyo ya awali ya Vig, nayo inafaa kulinganishwa wimbo kwa wimbo na ile ya Wallace.

*Reign in Blood* nayo ilisampuliwa: gitaa la "Angel of Death" limo kwenye "She Watch Channel Zero?!" ya Public Enemy, ndani ya *It Takes a Nation of Millions to Hold Us Back*, 1988. Albamu hiyo ya Public Enemy naiweka juu ya *Illmatic*, najua wengi watabisha. Inachosha kwa makusudi, filimbi na ving'ora havipumziki, lakini chini yake Bomb Squad, maprodyuza wa kundi hilo, wameweka ngoma zisizoyumba hata mara moja.

*The Dark Side of the Moon* ya Pink Floyd, 1973, sitaisema sana. Nairudia kwa ajili ya mwanzo wa "Money": sarafu, mashine ya duka na karatasi inayochanwa, kila mlio kwenye kipande chake cha tepu, vipande saba vilivyopimwa kwa rula viwe sawa na kuunganishwa kuwa duara. Hiyo ni biti ya sampo, yenye mapigo saba, miaka 14 kabla ya SP-1200.

Kuhusu toleo la kununua au kusikiliza. Upande mmoja wa santuri unabeba vizuri dakika 22 hivi. Ukizidisha, mifereji inabanwa, sauti inashushwa na besi inakatwa. *Illmatic*, yenye dakika kama 20 kila upande, inafaa kabisa kwa santuri moja. Albamu ya Public Enemy ina karibu dakika 58, kwa hiyo santuri moja lazima iibane sauti, CD ni bora. Matoleo mapya yaliyoongezwa sauti, kama lile la *Nevermind* la 2011, hukata vichwa vya mapigo ili kila kitu kisikike kikubwa, na wa kwanza kuumia ni snea. CD za mwanzo za albamu hiyo, za 1991, zina nafasi zaidi kati ya sauti ndogo na kubwa. Unapolinganisha matoleo, sawazisha sauti kwanza, kwa kuwa sikio hupenda lililo juu hata kwa tofauti ndogo. Tumia kipande kimoja cha nusu dakika, usitumie kumbukumbu ya wimbo mzima.

Kwenye programu ya simu, zima kipengele kinachochanganya mwisho wa wimbo na mwanzo wa unaofuata, na hakikisha hakuna kimya kinachoongezwa kati ya nyimbo. Pink Floyd wataharibika, na *Donuts* ya J Dilla, iliyotoka tarehe 7 Februari 2006, itaharibika zaidi. Ina vipande 31, wa kwanza ukiitwa kwa jina la kufungia na wa mwisho kwa jina la kufungulia, na mwisho wake unaingia moja kwa moja kwenye mwanzo. Iwekee marudio ya albamu nzima, usichanganye mpangilio, na "Workinonit" utakapofika, msikilize Dilla akiwakatakata 10cc, bendi ya roki ya Uingereza, hadi gitaa lao linageuka kuwa ngoma.