Chupa Iliyorudi Imejaa

Ilikuwa Februari, lile joto la Dar linalobaki ukutani hata jua likishazama. Nilikuwa nafundisha mazoezi ya jioni Sinza, wanawake tu, kama 20 hivi. Kila tukifika kwenye kuruka kamba, dada mmoja wa mstari wa nyuma anatoka. Anarudi tukishamaliza, na hapo anajituma kuliko wote. Nilimhesabu mtegaji. Mara mbili nilimpigia kelele, "Dada wa nyuma, unanikimbia!" Wenzake wakacheka, naye akacheka. Kicheko kile kinaniuma mpaka leo.

Kilichonifumbua macho ni chupa yake ya maji. Wenzake walishajaza mara ya pili. Ya kwake ilikuwa imejaa hadi shingoni. Saa nzima ya jasho, hanywi. Taiti nyeusi siku zote, kanga kiunoni, anasimama hatua 3 kutoka mlango wa choo. Na nilijua ana mtoto wa miezi 7. Mimi nimezaa mara mbili, nilipaswa kuelewa mapema.

Sikumwita pembeni, maana ukimwita mtu pembeni mbele ya wenzake umeshamtangaza. Niliwaambia wote: anayetaka kamba aruke, asiyetaka apande na kushuka ngazi, jasho ni lilelile. Tulipolala chali kunyoosha viungo, nikaeleza kwamba misuli inayoshikilia kibofu hulegea kwa mimba na uzazi, mkojo ukaponyoka mtu akiruka, akikohoa au akicheka. Nayo ina mazoezi yake: kaza kama unazuia mkojo, hesabu hadi 5, achia kabisa, mara 10, asubuhi, mchana na jioni, kwa miezi 3 hivi. Usibane pumzi. Na kujinyima maji hakusaidii, mkojo mzito unakikera kibofu zaidi.

Kimya. Kisha mama mmoja mtu mzima, mstari wa mbele kabisa, akauliza, "Hata kama mtoto ana miaka 12?" Maswali yakamiminika.

Yule dada hakuuliza kitu. Alikunja mkeka taratibu mpaka wote wakaondoka.

"Mwalimu, mimi nilijua nimeharibika."

Nikamwambia hajaharibika, kwamba hospitalini wapo wataalamu wa fiziotherapia, wanaotibu misuli kwa mazoezi, aende wamwone. Nikamwomba radhi kwa zile kelele zangu. Hakujibu. Alifungua chupa, akanywa palepale aliposimama, mpaka ikafika nusu.