Kiinua mgongo kikiingia, muulizeni mkewe kwanza

Kazi yangu mimi ni mahesabu, hapa Chake Chake, Pemba, lakini watu wengi wananijua kwa jambo jengine. Akistaafu mtu wa jeshi au wa vikosi, awe JWTZ, au vikosi vyetu vya Zanzibar kama KMKM ya kuzuia magendo, JKU ya kujenga uchumi, Mafunzo ya magereza, popote, basi jamaa zake watamwambia nenda kwa yule kijana akuandikie andiko la biashara. Wanakuja. Na wengi wanakuja na jibu wanalo tayari: gari ya abiria.

S'jui nani kawaroga wazee wetu na gari. Mtu kakaa kambini umri mzima, kiinua mgongo kimeingia benki, hakijapoa ashanunua Hiace, dereva mtoto wa ndugu yake, na hesabu ya jioni mwanzo mwanzo inakuja vizuri tu mzee yuko barazani anahesabu noti, afu inaanza "ami leo abiria hakuna", "ami tairi", "ami trafiki", ushajua tena. Gari inaishia uani, kuku wanataga ndani. Wengine wanafungua duka, na duka naliona balaa zaidi, kwa sababu askari hajui kumnyima mtu aliekuwa nae lindoni. Daftari linajaa madeni, kila mtu anaahidi msimu wa karafuu, na karafuu zenyewe mnazijua, mwaka huu zinazaa mwaka ujao zinakutazama tu.

Semina za kabla ya kustaafu zipo, siwezi kusema hazipo. Chai, mada ya ujasiriamali, posho, watu wanarudi makwao. Ugomvi wangu na hizo semina ni mmoja tu, anaeitwa ni askari peke yake. Mkewe yuko nyumbani, na huyo mkewe ndo alokuwa akifanya biashara miaka yote ambayo mume yuko Unguja, yuko bara, yuko misheni ya kulinda amani Darfur au Kongo. Kauza mandazi, kashona, kakausha dagaa, kalima mwani. Anajua nani halipi mtaani na unga umepanda lini. Hakuna aliemuuliza kitu.

Kwa hiyo siku hizi akija mstaafu swali langu la mwanzo ni mama nyumbani anauza nini. Wengine wanachukia. Kuna sajenti mmoja alinitolea macho akanambia "mimi nimekuja kuzungumza biashara", nkamwambia ndo hiyo hiyo mzee wangu. Kaondoka. Baadae karudi na mkewe, mama kashika daftari la skuli limejaa mahesabu ya mandazi, mzee mwenyewe alikuwa hajawahi kulifunua.

Familia ninayopenda kuitolea mfano iko Micheweni. Mke analima mwani tangu hajaolewa. Mume KMKM, fundi wa mashine za boti. Sasa wanaojua mwani wanajua kuna aina mbili, kuna spinosum na kuna cottonii, cottonii ndo yenye bei, lakini haitaki maji ya moto, ukiipanda pale pwani karibu jua likipiga inageuka nyeupe inakatika vipande vipande, ndo maana wanawake wengi wamebaki na spinosum ambayo ni ngumu kidogo kufa ila bei yake ya kusikitisha. Dawa ni kwenda maji ya kina, kamba zielee kwa maboya na nanga. Lakini huko hufiki kwa miguu maji ya bamvua yakitoka kama walivozoea, unataka chombo, unataka mtu anaejua kuogelea, na mama zetu wengi hawajui kuogelea, tusifichane. Haya, nyumbani kwake huyu mama kuna mtu kalipwa mshahara miaka yote kwa kazi ya bahari! Walikuwa wanalala chumba kimoja na hilo wazo halijawapitia, mzee akili yake iko kwenye Hiace.

Wakanunua boti ya faiba kuukuu, na mashine mbovu ambayo mzee kaifufua mwenyewe. Kiinua mgongo kimetoka kidogo sana, kilichobaki kimekaa. Na wavuvi walipoona anatengeneza mashine wakaanza kumletea za kwao, pesa mkononi, maana daftari kashika mke na yeye hana haya ya kudai.

Jambo jengine zito, na hili watu hawapendi nkilisema: jina. Ule msiba wa Semuliki kule Kongo, Disemba 2017, walipouliwa vijana wetu wa kulinda amani, ulinifanya niwatazame wajane kwa jicho jengine. Mume akifariki na kaacha watoto, mke fungu lake thumni, yaani moja ya nane, hilo ni la Mungu halina mjadala. Mjadala ni kwamba mali yake yeye mwenyewe, cherehani yake, friji yake, mtaji wa mandazi, navyo vinahesabiwa vya marehemu kwa sababu hakuna karatasi hata moja yenye jina lake. Nimeshuhudia, na wallahi inauma. Kwa hiyo leseni na usajili wa BPRA, wakala wa kusajili biashara na mali Zanzibar, viandikeni jina la mwenye biashara kweli, na kama ni ya wote wawili basi mafungu yaandikwe, weka na mashahidi, mkiwa hai na mnapendana.

Mkopo ndo mwisho kabisa. Wazee wanaogopa riba na wana haki ya kuogopa, ila siku hizi kuna milango ya bila riba, ulizieni ZEEA, wakala wa uwezeshaji wananchi kiuchumi Zanzibar, na kitengo cha Kiislamu cha benki ya PBZ. Lakini mimi siandiki andiko la biashara ambayo haijauza hata siku moja. Anzeni kidogo, uzeni, andikeni, afu njooni.

Na mje wawili. Jumamosi asubuhi nipo, mjane nnamuandikia bure, wengine tutaelewana.