Bwawa la koi Tabora: kina, kivuli na ndoo tatu za jioni

Mei

Mvua zimekatika na udongo bado haujawa chuma, kwa hiyo tumeanza kuchimba. Bwawa litakuwa la koi, samaki wa urembo wa rangi, nyuma ya nyumba hapa Ipuli, Tabora, upande ambao ukuta wa jirani hutoa kivuli cha jioni. Urefu mita 4, upana mita 2.5, kina mita 1.4. Ukizidisha unapata lita 14,000. Wafugaji wengi wa koi hupigia hesabu ya lita 1,000 au zaidi kwa samaki mmoja aliyekua, maana huyu si samaki wa kuwekwa kwenye kioo sebuleni. Akitunzwa vizuri anafika sentimita 60 na kupita, na anaweza kuishi zaidi ya miaka 20. Nimejiwekea ukomo wa samaki kumi, hata kama bwawa litaonekana tupu na wageni wakauliza wengine wako wapi.

Ubishi ulikuwa kwenye kina. Fundi alisimama ukingoni, akaangalia chini, akaniuliza, "Mwalimu, hili ni shimo la samaki au la choo?" Ana haki ya kuuliza. Mabwawa ya sato aliyowahi kuyajenga huishia mita moja hivi, na sato wanakua bila shida.

Hiyo mita 1.4 nimeitoa kwa mdogo wangu anayeishi Edmonton, Kanada, ambaye ndiye aliyeniambukiza ugonjwa huu. Kule baridi inashuka mpaka nyuzi 20 na 30 chini ya sifuri, na bado koi wake hulala humo humo bwawani. Siri iko kwenye maji yenyewe. Maji huwa mazito kuliko wakati wowote yakiwa na nyuzi 4. Yakizidi kupoa yanakuwa mepesi na kupanda juu, ndiyo maana barafu huanzia usoni na si chini. Bwawa likiwa na kina cha kutosha, juu kuna barafu ya kukanyaga na chini kuna tabaka la nyuzi 4 ambamo samaki wametulia, hawali, mapigo ya moyo yamepungua. Bwawa fupi huganda mpaka sakafuni na habari inaishia hapo.

Sasa Tabora barafu inatoka wapi? Haitoki. Lakini kina kinanifaa kwa upande wa pili: maji mengi yaliyoenda chini hayachemki upesi. Maelekezo karibu yote ya koi ninayoyasoma yameandikwa na watu wa baridi, na si ajabu, kwani samaki mwenyewe alizaliwa kwenye theluji. Wakulima wa mpunga wa milima ya Niigata, Japani, ndio waliowachagua kapu wa rangi (kapu ni samaki, Waingereza humwita "carp") mpaka wakapata hawa, na sehemu kubwa ya dunia ilianza kuwasikia baada ya maonyesho ya Tokyo ya mwaka 1914. Kwa hiyo kila sharti nalihoji kwanza: limewekwa kwa sababu gani? Sababu ikiwepo hapa, nalifuata. Isipokuwepo, nalipindua.

Juni na Julai

Tofali, nondo, zege, plasta yenye dawa ya kuzuia maji. Sina la kusimulia, ujenzi ni ujenzi. Kilichochukua muda ni kusubiri. Saruji mpya hutoa chokaa na kupandisha pH, kipimo cha uasidi wa maji, mpaka maji yanateleza vidoleni kama yametiwa sabuni. Tulijaza, tukaacha, tukamwaga, tukasugua kuta kwa siki, tukajaza tena. Mke wangu aliuliza kama tunafuga maji. Tuliendelea mpaka karatasi ya kupimia ikatulia kati ya 8 na 8.5, kiwango ambacho koi anakivumilia bila taabu.

Kichujio nimekitengeneza kwa mapipa mawili ya lita 200. La kwanza linapokea maji kutoka sakafuni mwa bwawa na kuyapunguza kasi ili taka zitue. La pili nimelijaza nyavu chakavu za dagaa. Jamaa yangu wa Kibirizi, Kigoma, alizikusanya mwaloni zikiwa zimeshatupwa, akazifunga gunia na kunitumia kwa treni. Zilifika zinanuka ziwa zima. Nilizifua kwa maji ya moto mara nyingi, nikazianika juani mpaka harufu ikaisha. Uzi wa nailoni hauozi, na matundu madogo kiasi kile yana eneo kubwa la kukaliwa na bakteria. Hao bakteria ndio mtambo wenyewe. Samaki anatoa amonia, ambayo ni sumu, kundi moja la bakteria linaigeuza nitriti, lingine linaigeuza nitrati ambayo haina madhara makubwa. Wanahitaji wiki kadhaa kujenga makazi, ndiyo maana anayejaza samaki wengi siku ya kwanza huwazika upesi.

Hapa napo nilipindua sharti. Mdogo wangu, baridi ikikaribia, hunyanyua pampu kutoka sakafuni ili isivuruge lile tabaka la nyuzi 4 na kulichanganya na maji ya barafu. Mimi nataka vurugu hiyo hiyo. Maji ya chini yapande, yamwagike juu, yapate hewa.

Asubuhi za Julai kipimajoto kilisoma nyuzi 18. Kwa Kanada hilo ni joto la kiangazi. Wao huacha kabisa kulisha maji yakishuka chini ya nyuzi 10, kwa kuwa tumbo la samaki halisagi na chakula kinaozea ndani. Tabora hatufiki huko, kwa hiyo samaki wangu watakula mwaka mzima. Nitapunguza tu asubuhi za baridi na kungoja jua lipande.

Agosti

Koi watano wamefika kutoka Dar es Salaam kwa basi la usiku, kila mmoja na mfuko wake uliojazwa oksijeni, ndani ya boksi la mbao nyepesi lililofungwa blanketi. Muuzaji hakuwalisha kabla ya safari ili wasichafue maji njiani. Wawili weupe wenye mabaka mekundu, mmoja wa njano, mmoja mweusi mwenye madoa, na mmoja wa kijivu ambaye mtoto wangu wa mwisho ameshamtwaa.

Mfuko unaelea kwanza kwenye maji mapya, umefungwa, mpaka joto la ndani na nje lilingane. Ukishaufungua, fanya haraka. Samaki amekuwa akipumua humo usiku kucha na hewa ya ukaa imeshusha pH, jambo linaloifanya amonia iliyomo isiwe kali. Unapofungua, hewa hiyo inatoka, pH inapanda, na amonia ile ile inageuka sumu. Kwa hiyo hakuna kumimina maji ya mfuko bwawani. Shika samaki kwa mikono iliyolowa, mhamishe, maji ya safari mwaga kwenye migomba.

Hawakuingia bwawani moja kwa moja. Walikaa karantini kwenye simtanki la lita 1,000 lililofunikwa wavu, na kilo 3 za chumvi ya mawe kutoka Uvinza, yaani gramu 3 kwa lita. Chumvi kiasi hicho humpunguzia samaki mzigo wa safari na kumkinga na nitriti wakati bakteria hawajatosha.

Oktoba

Huu ndio mwezi niliojengea bwawa. Wenyeji mnajua Oktoba ya Tabora: mchana unazidi nyuzi 30, maembe yananing'inia mabichi, mbwa wanalala mtaroni. Maji moto hubeba oksijeni kidogo. Kwenye nyuzi 10 lita moja hushika miligramu 11 hivi, kwenye nyuzi 30 hushika saba na nusu, na hiyo ni pwani. Sisi tuko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, toa tena zaidi ya sehemu moja ya kumi. Saa mbaya si mchana kama watu wanavyodhani, ni alfajiri, baada ya mwani na samaki kupumua usiku kucha bila jua la kutengeneza oksijeni mpya. Umeme ukikatika usiku naamka. Nimeshafunga pampu ndogo ya hewa inayotumia betri ya sola, na ndiyo pesa niliyoitoa bila manung'uniko katika mradi huu.

Neti nyeusi ya kivuli, ile ya vitalu vya miche, imefunika theluthi mbili za bwawa. Kipimajoto saa tisa alasiri: nyuzi 28. Kabla ya neti ilikuwa 30. Watu waliniuliza kwa nini sikuchimba chini ya mwembe, mji wenyewe umejaa miembe. Majani, maua, kisha maembe yenyewe yanayodondoka na kuozea majini. Kivuli hicho kina gharama.

Kisha maji yakaanza kupungua. Kila jioni alama niliyochora ukutani ilikuwa juu ya maji. Bibi jirani alichungulia akatoa hukumu: "Mwanangu, fundi amekuibia saruji." Mtaa mzima ukakubaliana naye. Fundi akapata habari, akaja amekasirika.

Tukafanya jaribio la ndoo, naye akiwa shahidi. Unachukua ndoo, unaijaza maji ya bwawa, unaiweka juu ya tofali ndani ya bwawa lenyewe ili ipate jua na joto lile lile. Unazima pampu na kuweka alama mbili kwa kalamu: maji ya ndani ya ndoo na maji ya nje. Kesho saa ile ile unapima. Bwawa likishuka kuliko ndoo, linavuja. Vikishuka sawa, mwizi ni jua.

Ndoo ilishuka milimita 6. Bwawa milimita 6. Fundi akapitisha rula mwenyewe, akarudia, akacheka, akaenda zake kumwita bibi aje aone.

Milimita 6 kwenye uso wa mita 10 za mraba ni lita 60, ndoo tatu kila jioni. Natumia maji ya bomba yaliyolala usiku kwenye pipa lililo wazi ili klorini ipungue. Lakini kuongeza tu hakutoshi. Jua linachukua maji matupu na kuacha chumvi na nitrati nyuma, kwa hiyo kila wiki natoa pia maji ya sakafuni na kuweka mapya. Yale machafu yanaenda kwenye mchicha, na mchicha umekuwa na majani mapana kama kiganja cha mpiga ngoma. Mke wangu sasa hasemi tena tunafuga maji.

Wiki hiyo hiyo mdogo wangu alinitumia picha za simu akiwa na koti na glavu. Ameshaacha kulisha, anafunga kifaa cha kuweka tundu kwenye barafu ili gesi chafu zitoke. Tundu halivunjwi kwa nyundo, mshindo unawaumiza samaki. "Kaka, nitumie joto kidogo," akaandika. Nikamjibu anitumie barafu.

Novemba

Mawingu yameanza upande wa mashariki. Kazi iliyobaki ni ya mvua. Ukingo unapandishwa tofali moja upande wa uani, maana maji ya uwanjani yakiingia yataleta udongo na kinyesi cha kuku. Bomba la kumwagia maji yakizidi linawekewa wavu wa matundu madogo, na halitaelekea mtaroni bali kwenye shimo la kokoto. Koi ni kapu, mgeni huku, na kapu ana tabia ya kufukua matope na kung'oa mimea. Sitaki hata kifaranga mmoja wa koi asafirishwe na mvua mpaka mtoni, achilia mbali Malagarasi.

Bibi jirani ana swali lake la mbu. Nimemwonyesha kwamba viluwiluwi havidumu humo, koi wanavimaliza. Ameridhika nusu. Nusu nyingine ni uzio, anaogopea wajukuu, na hapo simbishii hata kidogo. Fundi anakuja Jumatatu na nondo za lango.