73939133, we kata tu

Jana jioni barazani Ngamiani, barabara ya 12, kahawa na kashata mkononi, nikamwandikia dogo mmoja wa kidato cha pili namba hii: 73939133. Nikamwambia haya igawe. Kahangaika na kalkuleta ya simu weee, wapi, namba tasa hiyo, haigawiki ila kwa 1 na yenyewe. Sasa utamu wenyewe huu hapa, ukikata tarakimu ya mwisho inabaki 7393913, nayo tasa, kata tena 739391, tasa, 73939, 7393, 739, 73, mpaka 7 peke yake, zote tasa jamani! Na kwa hesabu zetu hizi za makumi hakuna kubwa kuliko hiyo yenye tabia hii.

Dogo akabisha, si uongeze tarakimu nyuma? Haya, shufwa, sifuri na 5 hazifai toka mwanzo, ukiweka 1 jumla ya tarakimu inakuwa 39, ukiweka 7 inakuwa 45, jumla zote mbili zinagawika kwa 3, basi na namba nzima inagawika kwa 3. Zimebaki 3 na 9, nazo ukiziweka namba si tasa tena.

Mzee mmoja kwenye bao akauliza "sasa hiyo inauzwa wapi?" tukacheka mpaka kahawa ikapoa.