Picha ya eksirei iliyokatwa kona

Mimi ni fundi cherehani, na mgongo wangu niliujua kwa nguo kabla sijaujua kwa daktari. Nikiwa kidato cha tatu, pindo la sketi ya shule lilikuwa likipanda upande mmoja hata nilishone upya mara ngapi. Nililaumu kitambaa, nikalaumu mkasi, mpaka siku mama aliponikuta nimeinama nafua akasema, "Hebu kaa hivyo hivyo." Mbavu za kulia zilikuwa zimeinuka kama zimewekewa mto kwa ndani. Mama hakujua, lakini ndivyo hata madaktari wanavyoanza: wanakuinamisha mbele na kukutazama kwa nyuma.

Hiyo ilikuwa 2014, Rujewa, mkoani Mbeya, nina miaka 17. Eksirei ilionyesha uti wa mgongo umepinda kwenda ubavuni nyuzi 39. Kuanzia nyuzi 10 ndipo inaitwa skoliosisi. Si kibiongo, maana kibiongo huinamia mbele. Wangu umekwenda pembeni na pingili zikajisokota. Ila mtaani neno ni hilo moja, na nilishachoka kulisahihisha. Chanzo hakikuonekana, kama ilivyo kwa wagonjwa wengi wa tatizo hili. Daktari alisema si ndoo za maji wala mkoba wa shule uliousababisha, na nadhani mama alihitaji kulisikia hilo kuliko mimi. Mkanda mgumu wa kuvaa ungesaidia kama ningekuwa bado narefuka, lakini nilikuwa nimeshakoma kurefuka. Tukaambiwa turudi kuangaliwa. Hatukurudi.

Maumivu hasa yalikuja Dar, nilipokodi fremu yangu. Msimu wa sare, Desemba na Januari, nilikuwa nakaa kwenye cherehani toka asubuhi hadi saa nne usiku. Moto ulianza chini ya bega la kulia, ukashuka kiunoni kushoto. Nikawa mtu wa vidonge vya maumivu, diklofenaki, asubuhi kimoja na jioni kimoja, mpaka tumbo likaanza kuniunguza kuliko mgongo. Nikaenda pia kwa mama mmoja mkandaji aliyeahidi kuirudisha mifupa mahali pake. Alinikandamiza kwa goti. Nililala siku tatu.

Mwaka 2024 nikapiga eksirei nyingine. Daktari niliyemkuta aliitazama akiwa amesimama: nyuzi 43, nifanyiwe upasuaji kabla sijazaa, aliyefuata aingie. Nilitoka pale miguu haina nguvu.

Nyumbani kila mtu akawa na lake. Shangazi alipiga simu kutoka Rujewa: "Mwanangu, vyuma mgongoni? Na mchumba umemwambia?" Mama yeye alitaka ninyooke, basi, niwe kama wengine. Nikagundua wote wawili wanazungumzia ninavyoonekana nikiwa nimesimama. Mimi shida yangu ilikuwa kukaa.

Nikatafuta daktari mwingine, bingwa wa upasuaji wa mgongo. Huyu alivuta kiti akaniuliza, "Dada, unataka upasuaji ukufanyie nini?" Nikasema uniondolee maumivu. Akatikisa kichwa taratibu. Akanieleza kwamba wanafungua mgongo kwa nyuma, wanaingiza skrubu kwenye pingili, wanazishika kwa fito mbili za chuma, kisha wanapanga vipande vya mfupa ili pingili zile ziote pamoja ziwe mfupa mmoja. Ni saa kadhaa za nusu kaputi, damu inapotea, uko uwezekano wa maambukizi, na uko uwezekano mdogo wa mishipa ya fahamu kuumia. Sehemu iliyounganishwa haitapinda tena maisha yako yote. Kazi yake kubwa ni kuzuia mgongo usizidi kupinda. Maumivu yanaweza kupungua, yanaweza yasipungue, na kwa yangu, yaliyokuwa yanakuja na msimu wa sare na kuondoka nao, hakutaka kuahidi kitu.

Akauliza: "Je, unazidi kupinda? Picha ya zamani iko wapi?"

Picha ya zamani ilikuwa chini ya godoro la shangazi. Aliituma kwa basi, imefungwa kwenye kanga, na nilipoifungua nikakuta kona ya juu imekatwa kwa mkasi. Kumbe 1 Septemba 2016, siku ya kupatwa kwa jua, watu walipojaa Rujewa kuja kuliona, mdogo wangu alikata kipande akakitumia kutazamia. (Msiige. Eksirei haikingi macho.) Jina langu na tarehe viliondoka na kipande kile. Mgongo ulibaki mzima, na tarehe tukaipata kwenye bahasha.

Daktari alizibandika zote mbili kwenye taa, akachora mistari upya kwa rula na kupima mwenyewe. 39 na 43. Nikasema, si umeongezeka? Akaniambia picha moja ikipimwa na madaktari wawili, majibu yanaweza kupishana hata nyuzi 5. Kwa hiyo nne katika miaka kumi huenda ni mgongo kutembea polepole sana, na huenda ni rula tu. Waliokwisha kukua na wamevuka nyuzi 50 ndio ambao mara nyingi mgongo huendelea, kwa wastani kama nyuzi moja kwa mwaka. Mimi sijafika huko. Kuhusu kuzaa, alisema wengi wenye mgongo kama wangu hubeba mimba na kujifungua salama. Niwaambie mapema tu watu wa ganzi, maana sindano ya mgongoni inaweza kuwasumbua kuipata njia.

Hakunikataza upasuaji. Niliamua mwenyewe, kwenye daladala: sio sasa. Wapo ambao ningewaambia wafanye bila kusita, hasa msichana anayekua ambaye nyuzi zinapanda kila akipimwa. Mimi sikuwa huyo.

Nikahamishia nguvu kwenye fremu. Meza ya cherehani niliipandisha kwa vipande vya mbao, stuli nikaibadilisha kwa kiti chenye mgongo. Kukata kitambaa sakafuni nimeacha kabisa. Seremala alinitengenezea meza inayonifika kiunoni, na hiyo peke yake ilinisaidia kuliko dawa zote. Nikimaliza nguo moja nasimama. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alinifundisha kulala ubavu na kujiinua kwa kiwiko, na kuvuta pumzi niisukume kwenye upande ulioingia ndani. Nilidhani ni mchezo. Wiki ya sita nikajikuta nimeshona sketi nane bila kukumbuka mgongo. Januari bado unauma, sidanganyi, lakini diklofenaki imebaki ya siku mbaya.

Kuna jambo moja nimeapa kutolichezea: miguu ikianza kulegea au kufa ganzi, au mkojo ukinitoka bila kujua, hospitali siku ile ile.

Mchumba nilimwonyesha picha zote mbili. Alizitazama muda mrefu, akauliza ni nani amekata kona.

Natakiwa kurudi 2027 na eksirei mpya. Za zamani ziko juu ya kabati, na mdogo wangu nimemnunulia miwani maalumu ya kutazamia kupatwa kwa jua.